Baba wa Miwani

"Precious Konstantino."

Nesi aliita mara ya kwanza, hakuna aliyeinuka. Akaita tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na watu wasiosikia. Mama Verdiana alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele nje ya wodi ya watoto, kitenge amekikaza kiunoni, akawa anamwonea huruma huyo mtoto wa Konstantino anayeitwa na hana mtu wa kumwitikia. Halafu akamwona Luciana, mke wake, anainuka taratibu, kichwa chini.

"Tupo," Luciana alisema.

Mke wake, ndiyo. Asiyejua mambo ya Tarime na acheke sasa amalize, maana pale hospitalini walishacheka vya kutosha. Verdiana ni mjane wa Kemambo ambaye hakujaliwa kuzaa. Akafanya kama wanawake wa Kikurya wa hali yake wanavyofanya tangu zamani: akatoa ng'ombe, wakaswagwa hadi Ringwani kwa kina Luciana, akamwoa Luciana kwa mila ya nyumba ntobhu. Mtoto atakayezaliwa na Luciana ni wa boma la Verdiana. Mwanaume atakayemzalisha anakula, analala, anakwenda zake. Jina lake halimo. Wazee wa pande zote mbili walikaa wakayamaliza hayo, na kijiji kizima cha Kemambo kinajua kwamba yule mtoto wa darasa la pili, mwembamba mwenye tumbo lililovimba upande wa kulia, ni Precious Mwikwabe. Mwikwabe ni marehemu mume wa Verdiana. Jina la Konstantino limetoka wapi?

"Daktari anawaita wazazi," nesi alisema. "Mama na baba. Huyu bibi abaki hapo na vyombo."

"Baba wa mtoto ni mimi," Verdiana alisema.

Benchi zima likacheka. Nesi naye akacheka. Aliitwa Theodora, naye alikuwa binti wa Kemambo hukohuko, amekulia huko, na alijua vizuri kabisa alichoambiwa. Ila wageni wenye kamera walikuwa wanapita koridoni na Theodora hakutaka wamuulize maswali kuhusu mila za kwao, akaona afadhali acheke na wengine.

"Bibi, hapa ni hospitali, siyo kwenye kikao cha ukoo," alisema. "Kwenye kompyuta baba ni Konstantino. Luciana, mpigie simu baba mtoto aje."

Luciana alipiga simu akiwa amegeukia ukuta.

*

Konstantino alifika mchana kwa pikipiki, kutoka mashimo ya dhahabu ya Nyakunguru. Kwao ni Kahama. Alikuja Mara kutafuta dhahabu, na kwa muda fulani, miaka ya nyuma, alikuwa akifika kwa Luciana jioni na kuondoka asubuhi. Tangu Precious atembee hajawahi kumnunulia hata daftari. Siku hiyo alikuwa amevaa shati jeupe na viatu vinavyong'aa, na alipoteremka alimwonyesha dereva wa pikipiki mahali alipokaa Verdiana, kwamba yule mama pale ndiye atakayelipa.

Verdiana alilipa. Angefanyaje? Mtoto alikuwa ndani anagumia kwa maumivu.

Walioitwa waliingia, naye akabaki mlangoni na hotpoti ya uji. Mlango haukufungwa, kwa sababu mpiga picha alitaka mwanga, kwa hiyo alisikia kila kitu.

Dakta Abednego, bingwa wa upasuaji, hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa Kiswahili chepesi. Ndani ya ini la mtoto kulikuwa na uvimbe uliojaa maji, unaoletwa na minyoo ya mbwa. Uvimbe ulikuwa umekua hadi ukaugusa mshipa mkubwa wa damu. Ukipasuka wenyewe tumboni, mtoto anaweza kufa hata kabla hajafikishwa kwenye chumba cha upasuaji. Lazima utolewe wiki hiyo, kwa sababu wageni wa mradi walikuwa wameleta miwani maalumu, na mwisho wa wiki wanaondoka nayo. Wamechukua picha za siti skani za Precious na kuzitengenezea umbo. Ukivaa ile miwani unaona chumba kama kilivyo, meza, watu, dirisha, na katikati yao, hewani, linaning'inia ini la mtoto pamoja na mishipa yake yote. Unaweza kulizunguka, kulikuza, kulifungua kwa mkono. Daktari akiwa nayo usoni wakati wa kupasua, anajua mshipa umepita wapi kabla kisu hakijafika. Bila miwani angejaribu, lakini hatari ingekuwa kubwa zaidi.

"Tunataka baba aone," alisema kijana wa mradi aliyeitwa Jackson, yule mwenye kamera. "Baba akiona mwenyewe, jamii inaelewa. Mzee, njoo hapa karibu."

Wakamvika Konstantino miwani. Akajiweka sawa, kifua mbele, anauza sura. Jackson akaanza kumpiga picha. Kwenye kompyuta ya pembeni kilionekana alichokuwa anakiona: ini lililokuzwa likawa kama tikiti maji kubwa, jekundu, na ubavuni mwake duara jeupe, mishipa ya bluu imelizunguka.

"Ni la mwanao hilo," Jackson alisema. "Nyoosha mikono. Fungua mdomo kidogo, kama umeshangaa."

Konstantino akanyoosha mikono, akafungua mdomo. Picha ikapigwa. Kisha Dakta Abednego akapitisha kidole hewani kuonyesha kisu kitakapopita, na lile ini likagawanyika vipande viwili mbele ya macho ya Konstantino.

Mtu huyu aliwahi kufukua wenzake waliofukiwa shimoni. Lakini hapo alirudi nyuma, akagonga kabati, akavua miwani na kukimbilia mlangoni, akatapika pembeni ya miguu ya Verdiana. Wageni wakageuza nyuso. Mmoja akacheka kwa pua.

Kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Konstantino alijifuta mdomo, akaona watu wanavyomtazama, akatafuta neno la kumrudishia uanaume wake. Neno alilolipata lilikuwa hili:

"Mtoto wangu hapasuliwi."

"Mzee, nimekueleza hatari yake," daktari alisema.

"Nimekataa. Kwetu kuna mzee anatoa uvimbe kwa dawa, bila kisu. Nitampeleka Kahama."

"Konstantino," Luciana alinong'ona.

"Nimesema. Baba ni nani hapa?"

Aliyekuwa na jibu alikuwa amepiga magoti mlangoni, anapangusa matapishi ya Konstantino kwa kitambaa alichofunikia uji.

*

Nyuma ya wodi kuna jiko ambalo ndugu wa wagonjwa hupikia. Verdiana alimkuta Luciana huko, amekaa kwenye tofali mbele ya mafiga, sufuria ya ugali haijapata hata maji.

"Nimeongea na daktari," Verdiana alisema. "Nimemwambia wewe mama mzazi unatosha kusaini. Anajua kwamba unatosha. Unajua amenijibu nini? Kwamba watu wa Tarime anatujua, akimpasua mtoto ambaye baba yake amekataa mbele ya watu, kesho ukoo mzima uko getini na mapanga. Amesema tukamalize mambo yetu ya kifamilia kwanza. Mambo ya kifamilia, Luciana. Nimemwomba na mimi nivae hiyo miwani nimwone mtoto, yule kijana wa kamera akasema ni kwa wazazi tu, na kwamba kifaa ni cha gharama."

Luciana alisukuma kuni ndani ya mafiga.

"Kwa nini ulimtaja yule mwanaume?"

"Mama, niache."

"Sikuachi. Siku tuliyofika, mimi nimembeba mtoto mgongoni, wewe ukaenda dirishani. Wakakuuliza baba wa mtoto. Kwa nini hukusema Verdiana?"

"Nyuma yangu kulikuwa na foleni." Luciana aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu, siyo kwa moshi. "Yule karani alikuwa kijana mdogo, anatafuna bigijii. Ulitaka nimwambie nimeolewa na mwanamke? Angeniuliza kwa sauti, foleni yote isikie, tunalalaje. Wameniuliza hivyo mnadani. Wameniuliza hivyo kisimani. Kanisani nikikaa benchi wanawake wanasogea, na sakramenti sipewi. Wewe ulitoa ng'ombe, mama. Mimi aibu yake ndiyo ninayoila kila siku. Baba yangu hakuniuliza kama nataka. Wewe hukuniuliza. Kwa hiyo siku moja, moja tu, nilitaka nami niseme jina la mwanaume kama wanawake wengine."

Verdiana alisimama pale na hasira yake, na kwa mara ya kwanza hakujua aielekeze wapi. Maneno yale yalikuwa ya kweli na yalimuuma. Hakuwahi kumuuliza. Alimkuta binti mpole wa Ringwani, akampenda, akafikiri yeye naye amependwa kwa sababu binti alinyamaza.

"Sawa," alisema mwishowe. "Hilo ni deni langu kwako, na hatujamalizana. Ukitaka tukirudi nyumbani unitukane siku nzima, nitakaa nisikilize. Lakini Precious hana siku nzima."

"Najua."

"Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kuliondoa lile jina. Nikisema mimi wanacheka. Umeona."

Luciana akachota maji, akamimina kwenye sufuria, akayaangalia. Hayakuwahi kupata moto. Mtoto wa jirani wa kitanda alikuja akasema Precious anatapika tena na anamwita bibi yake.

*

Siku iliyofuata Konstantino alirudi. Hakurudi kumwona mtoto. Jackson alikuwa amempigia simu kwamba picha za jana mwanga haukukaa vizuri, warudie. Na huyu mtu aliyekataa mtoto asipasuliwe, anayetaka kumpeleka Kahama kwa mzee wa dawa, alikuja akasimama tena katikati ya chumba, miwani usoni, mikono mbele, anaelekezwa apinde shingo vipi. Ini la Precious lilikuwa linaning'inia hewani mbele yake, limekuzwa. Precious mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta na kopo la kutapikia kifuani.

Verdiana alisukuma mlango.

"Mama, tunafanya kazi hapa," Jackson alisema.

"Hata mimi. Daktari, naomba unisikilize, nikimaliza uniite mlinzi kama unataka." Hakumwangalia Jackson. Alikwenda akasimama mbele ya Konstantino, karibu mno, hata mwanaume akavua miwani. "Wewe. Unasema huyu mtoto ni wako. Nitajie ng'ombe mmoja uliyempeleka Ringwani kwa baba yake Luciana. Sitaki wengi. Mmoja. Niambie rangi yake."

Konstantino alimtazama daktari. "Huyu bibi ana matatizo."

"Usimwangalie daktari. Rangi yake."

Wageni hawakuelewa Kiswahili chote, lakini walielewa kwamba mwanaume ameulizwa kitu kidogo na ameshindwa.

"Basi nikutajie mimi," Verdiana alisema. "Kulikuwa na dume jeusi lenye baka jeupe kifuani, nililikuza mwenyewe kwa chupa baada ya mama yake kufa. Kulikuwa na jike jekundu, pembe moja imepinda inachungulia sikio. Kulikuwa na mtamba wa kijivu ambaye baba yake Luciana alimkataa, akasema amekonda, nikarudi Kemambo nikaleta mwingine. Niliuza shamba la mihogo kwa ajili ya huyo mwingine. Niendelee? Daktari, kwetu hiki ndicho cheti. Aliyeswaga ng'ombe ndiye baba. Huyu alikuja na suruali yake tu."

Dakta Abednego alikuwa mtu wa Njombe. Alikunja uso. "Mama, naheshimu mila. Lakini kwenye rekodi zangu..."

"Muulize nesi wako. Theodora, mtoto wa Kemambo, siku zote hizi unacheka. Mama yako alikuwepo siku ng'ombe wangu wanatoka bomani. Alipika. Sema hapa kama nadanganya."

Theodora alikuwa ameshika trei ya sindano. Aliiweka chini. Uso ulikuwa umemshuka kwa aibu, na alistahili.

"Ni kweli, daktari," alisema. "Kwetu iko hivyo. Nilijua tangu mwanzo."

"Ulijua na ukanyamaza?"

Hapo ndipo Luciana alipoingia, kambeba Precious mgongoni. Mtoto alikuwa mkubwa mno wa kubebwa, miguu inaning'inia hadi magotini kwa mama yake. Luciana alikuwa amesikia yote akiwa koridoni. Akasema kwa sauti ambayo hata foleni ya nje iliisikia:

"Mimi ni Luciana. Nimeolewa na huyu mama, Verdiana wa Kemambo. Mume wangu ni yeye. Baba wa mtoto wangu ni yeye. Huyu Konstantino nilimtaja kwa sababu niliona haya. Anayetaka kucheka acheke sasa, tukimaliza nisaini."

Koridoni mtu mmoja alicheka kweli. Hakupata mwenzake, akaacha.

Konstantino aliweka miwani mezani. Alifungua mdomo, safari hii bila kuelekezwa, akaufunga. Alipofika mlangoni alijikaza akamwambia Jackson, "Mliniahidi ya soda." Jackson akampa. Hivyo ndivyo alivyoondoka baba wa Kahama.

Luciana akasaini. Chini ya jina lake Verdiana akaweka dole gumba.

"Mama," Dakta Abednego alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "bado unataka kuona?"

"Ni kwa wazazi tu, au siyo?"

Daktari aliinamisha macho, akaichukua miwani mwenyewe na kumvika, akamkazia mkanda juu ya kilemba. Verdiana aliona chumba kilekile, Luciana, mtoto, dirisha. Kisha akaliona. Lilikuwa kubwa, linazunguka polepole mbele ya kifua chake, na lile duara jeupe lilimkaribia uso.

"Mbona limekuwa kubwa hivi?"

"Tumelikuza. Wageni waone vizuri."

"Lipunguze. Nataka liwe saizi yake mwenyewe."

Daktari akaminya vidole hewani. Ini likapungua, likapungua, hadi likawa kitu kidogo ambacho kingeenea kwenye sahani ya chai. Verdiana akaweka viganja vyake chini yake, kama mtu anayekinga maji. Hakuhisi uzito wala joto, alijua ni picha, hakuwa mjinga. Ila alibaki hivyo, viganja vimefunguka, na chini ya miwani machozi yakawa yanamtiririka hadi kidevuni. Jackson aliinua kamera. Luciana akasogea akasimama mbele yake, akamkinga.

"Ni kadogo," Verdiana alisema. "Mlikuwa mnatisha watu kwa kitu kadogo hivi. Haya daktari. Pasua. Na huyu mwenye kamera asiingie."

*

Precious alipona. Kovu limebaki kubwa, na mbwa wote wa boma walipewa dawa ya minyoo. Wageni waliondoka na miwani yao mwisho wa wiki kama walivyosema, na mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule, aliyeletwa baadaye, aliambiwa aende Mwanza. Sijui kama alifika.

Walirudi kliniki msimu wa kupalilia. Theodora aliita, "Precious Mwikwabe," na kabla hajamaliza Verdiana alikuwa ameshainuka. Luciana naye aliinuka. Wanawake wawili wakavuka ukumbi wakiwa wamemshika mtoto mikono huku na huku, na benchi likawatazama linavyotaka.

Bango lilikuwa koridoni, karibu na chumba cha Dakta Abednego, kubwa, la karatasi ng'aavu. Upande mmoja alisimama Konstantino kwenye shati lake jeupe, miwani usoni, mikono mbele, mdomo wazi. Upande wa pili, ini la Precious, jekundu, limekuzwa. Walikuwa wameviunganisha kwa kompyuta ili hata asiyevaa miwani aone. Chini yake iliandikwa: Baba akishuhudia ini la mwanawe. Teknolojia na upendo wa mzazi vimeokoa maisha.

Luciana alimsomea. Aliposoma neno upendo alisimama, halafu akamalizia.

Verdiana alimwinamia mtoto. "Precious, huyu ni nani?"

Precious alimkagua yule mtu wa miwani juu mpaka chini.

"Simjui, bibi."

"Na hii nyekundu?"

"Hiyo ni tumbo langu," mtoto alisema, akajishika kovu juu ya sketi.

Verdiana akachomoa misumari midogo ya upande mmoja kwa kucha. Akalikunja bango katikati, pale ambapo vidole vya Konstantino vilikuwa vinakaribia kugusa, akapitisha ukucha kwenye mkunjo mara mbili, akachana. Lilichanika vizuri, bila kelele. Theodora alitoka na mafaili yake, akasimama.

"Mama Verdiana," alisema taratibu, "hiyo ni mali ya hospitali."

"Mali yenu nimewaachia," Verdiana alisema, akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Hii ni ya kwangu."

Theodora alifikiri kidogo, kisha akawapisha. Verdiana aliviringisha nusu yake, akaitia kwapani, akamshika mtoto mkono, wakaingia kwa daktari. Konstantino alibaki ukutani, mikono mbele, mdomo wazi, anashangaa saruji.